Jamhuri Dhidi ya Chui Milia

Haya yalitokea katika nchi ambayo si yetu, wala si ya jirani zetu. Msomaji akikuta humu sura anayoifahamu, ajue ni macho yake tu yamechoka.

Ilikuwa nchi nzuri, na ilimpenda chui milia kuliko nchi yoyote duniani. Chui milia alikuwa kwenye bendera, kwenye noti, kwenye mihuri, kwenye sahani za Ikulu na kwenye bukta za timu ya taifa. Wimbo wa taifa ulianza kwa mngurumo, na wananchi walitakiwa kunguruma wakiwa wima, mkono kifuani. Mahali pekee ambapo chui milia alikuwa ameadimika ni msituni.

Serikali ilikuwa na maelezo. Ilisema chui milia hawajapungua, ila wamestaarabika na hawapendi tena kuonekana ovyo. Suala la majangili lilikuwa limekwisha zamani, tangu Waziri wa Wanyama na Heshima ya Taifa, Mheshimiwa Daktari Bwanakheri Sifuni, alipotangaza bungeni kwamba nchi haina jangili hata mmoja. Wabunge walipiga meza, na kuanzia hapo ujangili ukawa kitu kisichowezekana. Mtu akikutwa na ngozi, lilikuwa zulia. Akikutwa na kucha, ulikuwa urithi wa babu. Mifupa ilipopita bandarini kwenda kwa wageni walioipenda kwa supu na kwa dawa ya maungo, ilipita kama vifaa vya michezo, na watu wa forodha waliitakia ushindi.

Katika msitu wa Kirengwe alikuwa amebaki mmoja, jike mzee, na askari wa wanyamapori aliyemlinda aliitwa Mrisho. Mrisho alimpa yule chui jina la Shangazi, kwa sababu kila jioni alipita mbele ya kibanda cha doria bila salamu, akatazama huku na huku kama shangazi mkali aliyekuja kuona kama uwanja umefagiwa, kisha akaenda zake.

"Amenizoea," Mrisho alimwambia mkewe, Nyamizi, kwa fahari ya mtu aliyesifiwa na mkwe. "Akiona nguo ya kaki hakimbii tena. Anajua kaki ni usalama."

"Mwache akuogope, baba," Nyamizi alijibu. "Mnyama ni woga wake."

Mrisho alicheka tu. Alikuwa mtu wa kucheka.

Aliletwa nyumbani asubuhi moja nyuma ya pikapu ya wizara, amefunikwa turubai lenye picha ya chui milia anayetabasamu. Aliyemleta alikuwa Ndugu Pazi, mwanasheria wa wizara, mtu mwembamba mwenye sauti nene ambayo ungedhani ameiazima.

"Pole sana, mama," alisema. "Mumeo ameshambuliwa na chui."

Nyamizi alifunua turubai. Uso wa Mrisho ulikuwa mtulivu, hauna hata mkwaruzo. Walipomgeuza, mgongoni palikuwa na tundu dogo la duara. Kifuani palikuwa na jingine, kubwa zaidi.

"Hili ni nini?"

"Jino, mama."

"Jino moja?"

"Chui mwenyewe mzee. Amebakiwa na moja."

"Likaingia mgongoni, likatokea kifuani?"

Ndugu Pazi alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Ni jino refu," akasema.

Walimwosha, wakamvika sanda, wakamzika ukingoni mwa msitu, nyuma ya nyumba ya serikali waliyokuwa wakiishi. Nyamizi hakulia. Alihisi kwamba akianza kulia atakuwa amekubali habari ya jino.

*

Siku ya kuanua tanga, Mheshimiwa Waziri alifika mwenyewe. Alikuja na matarumbeta, mpiga picha, na kiti chake cha kuegemea, kwa kuwa magoti yake yalikuwa na maradhi ya siku nyingi yasiyovumilia mkeka. Vijana wawili walimtoa garini wakamweka kwenye kiti kama mtungi.

"Ndugu wafiwa!" alinguruma. "Marehemu hakufa. Marehemu amepandishwa cheo na mauti! Mimi binafsi nimelia. Nimelia ndani ya gari tangu tulipovuka daraja, na dereva wangu ni shahidi."

Dereva alinyoosha mkono kuthibitisha. Matarumbeta yalilia kidogo kumsaidia.

Baada ya ubani, Waziri aliomba kuzungumza na mjane ndani. Aliingia pia Maulidi, mdogo wake Mrisho, kama msemaji wa ukoo.

"Mama Nyamizi," Waziri alianza kwa upole, "tunataka ufungue kesi."

"Nimshtaki nani?"

"Chui. Muuaji wa mumeo."

"Mheshimiwa, mume wangu alipigwa risasi."

Waziri alimtazama kwa huruma ya kweli, kama daktari anayemtazama mgonjwa asiyeujua ugonjwa wake.

"Na nani?"

"Na majangili."

"Ambao hawapo." Alingoja maneno yake yatulie. "Sasa nifuate taratibu, mama. Mtu aliyeuawa na watu ambao hawapo, amekufa? Kisheria hajafa. Na kama hajafa, mbona haripoti kazini? Huyo ni mtoro. Mke wa mtoro hakai nyumba ya serikali, na jina la mtoro haliandikwi kwenye ukuta wa mashujaa pale wizarani. Lakini aliyeuawa na chui, ah! Huyo ni shujaa. Mimi sikulazimishi. Hii ni nchi huru. Chagua mwenyewe wewe ni mjane wa nani."

Alipotolewa nje kwenda kupigwa picha na watoto, Maulidi alisogeza kigoda.

"Shemeji, kubali. Msitu wote ule, huyo mnyama watampatia wapi? Waache wamhukumu kwenye makaratasi. Wewe upate pa kulala, kaka apate jina. Amefanya kazi miaka yote hii, leo aitwe mtoro?"

Nyamizi aliitazama kofia ya Mrisho pale ukutani. Alikuwa amechoka, uchovu ule wa mfiwa ambao hata kusema hapana ni mzigo wa kunyanyua.

"Haya," akasema.

*

Kesi ilisikilizwa ndani ya ukumbi wa sinema, kwa sababu mahakama ilikuwa inapakwa rangi ya milia. Mshtakiwa aliitwa kwa kipaza sauti pembezoni mwa msitu, asubuhi na jioni, kwa jina lake la kisayansi. Hakufika. Jaji Mwinyikondo alisema ameyaona mengi katika utumishi wake, lakini dharau ya namna ile hajapata kuiona.

Ndugu Pazi aliendesha mashtaka. Kwa kuwa serikali ilikuwa inabana matumizi, aliendesha na utetezi pia. Akiwa meza ya kulia alipaza sauti na kugonga meza. Akihamia meza ya kushoto alikohoa na kusema hana swali. Mara moja alisahau yuko upande gani akajipinga mwenyewe kwa ukali, na jaji akamwonya asimkatize mwanasheria mwenzake.

Nyamizi alipanda kizimbani akiwa ameshikwa mkono na Maulidi. Alikuwa amefundishwa la kusema: ndiyo, basi.

"Mama," Ndugu Pazi alisema kutoka meza ya kulia, "jeraha la marehemu lilianzia mgongoni. Ni kweli?"

"Ndiyo."

"Mtu anayetazamana na adui hapati jeraha la mgongo. Anayepata jeraha la mgongo ni anayekimbia. Kwa hiyo utakubaliana na mahakama hii kwamba marehemu alimwona chui, akaingiwa na hofu, akatupa bunduki ya serikali, akatimua mbio, na mnyama akamfukuza. Ni kweli, mama?"

Ilitakiwa aseme ndiyo. Nyamizi aliliona neno lenyewe lipo mdomoni, tayari, kama punje ya kitu cha kutema.

"Mume wangu hakumkimbia yule mnyama," akasema. "Mnyama mwenyewe alikuwa akija kumtazama kila jioni. Mume wangu alipigwa risasi na watu. Nimemwosha mimi, kwa mikono hii. Tundu la risasi nalijua."

Maulidi aliinamisha kichwa. Jaji Mwinyikondo alimgeukia Ndugu Pazi.

"Shahidi anadai risasi. Utetezi unasemaje?"

Ndugu Pazi alihamia meza ya kushoto, akakohoa. "Hatuna swali."

"Na mashtaka?"

Alirudi kulia. Alifikiri kidogo, uso ukamng'aa.

"Mheshimiwa Jaji, upande wa mashtaka haupingi kwamba ilikuwa risasi. Tunaomba tu kuongeza shtaka la pili: kumiliki silaha bila kibali."

Basi chui milia wa Kirengwe akatiwa hatiani kwa kuua na kwa kumiliki silaha. Adhabu ilikuwa kifo, na viungo vyake vyote kutaifishwa kwa manufaa ya umma. Ama Mrisho, kwa kuwa mkewe alikuwa amewataja watu ambao hawapo, alitangazwa kuwa mtoro. Akawa mtu wa kwanza katika nchi ile kuwa ameuawa na kuwa mtoro kazini kwa hukumu moja, na wanafunzi wa sheria waliisifu sana hukumu hiyo kwa upana wake.

Jioni yake redio ilimwita. Nyamizi alikuwa dukani akinunua chumvi. "Askari Mrisho wa kituo cha Kirengwe," ilisema redio, "popote ulipo, unatakiwa urudi kazini mara moja." Kwa kitambo kifupi, kitambo cha kijinga, Nyamizi aligeuka akatazama njia.

*

Kutekeleza hukumu kulihitaji watu wenye uzoefu wa kuua chui milia, na wizara iliwapata haraka ajabu. Hakuna aliyeuliza uzoefu huo waliupatia wapi. Walipewa sare mpya za kaki, zile zile za askari wa wanyamapori, wakaapishwa kwenye uwanja wa kituo, mbele ya mlango wa Nyamizi, ambaye alikuwa ameamriwa ahame na sasa anafunga vyombo.

Kiongozi wao, mtu mrefu aliyeitwa Lugome, alikuja kuomba maji ya kunywa. Alikunywa huku akitazama chini ndani ya kata.

"Pole na msiba, mama," akasema. "Nilisikia walivyosema pale mahakamani. Si kweli. Hakukimbia yule."

Nyamizi aliacha kamba aliyokuwa akiifunga.

"Umejuaje?"

Lugome alitaka kurudisha kata, lakini mkono wake ulibaki hewani.

"Watu huongea," akasema.

"Watu gani? Huko msituni kulikuwa na watu gani?"

Wenzake walikuwa wakicheka kule uwanjani, wakijaribu kofia. Hatimaye alisema haraka, kwa sauti ya chini, kama anayetapika.

"Alitugeuzia mgongo. Tulimwambia pisha, akatugeuzia mgongo. Alikuwa anampigia kelele yule mnyama aondoke. Anapunga mikono, anapiga kelele, na mnyama haondoki, amesimama tu anamtazama."

Aliweka kata juu ya boksi, taratibu, akaenda kuungana na wenzake. Nyamizi alikaa chini penye mlango. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alijua kazi ambayo mumewe aliiacha bila kuimaliza.

*

Aliingia msituni alfajiri kulipokucha, kabla wale hawajaamka kutoka kwenye karamu ya kuapishwa. Alivaa koti la kaki la Mrisho kwa ajili ya miiba. Njia ya kijitoni aliijua. Alikuwa akimpelekea mumewe chakula huko.

Shangazi alikuwa kando ya maji. Alikuwa mzee kuliko Nyamizi alivyodhani, mbavu zinahesabika, milia ya tumboni imepauka kama kanga iliyofuliwa mno. Aliinua kichwa, akaliona koti. Masikio yakalegea. Akaja pole pole, kwa ile adabu yake ya kutosalimia, akalala chini hatua chache kutoka alipo mwanamke, akamwangalia.

Nyamizi alijua angeweza kufa, na alijua pia kwamba hatakufa, na hili la pili ndilo lililomuumiza.

"Nenda!" akasema.

Chui alifumba macho akayafumbua.

"Nenda nimekwambia! Wanakuja! Si yeye tena, unasikia? Wamevaa kama yeye lakini si yeye!"

Akaokota jiwe, akarusha. Likaanguka majini. Akaokota jingine. La tatu lilimpiga yule mnyama begani, na akainuka ghafla, akarudi nyuma, akamtazama Nyamizi kwa namna ambayo mtu humtazama ndugu aliyempiga kofi mbele za watu. Nyamizi aliendelea. Alimtukana matusi yote aliyoyajua, na mengine ambayo hakujua kuwa anayajua. Alimwita muuaji. Alimwambia kama si yeye, Mrisho angekuwa nyumbani anakunywa uji. Kila jiwe lilitoka na kilio, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza.

Shangazi alivuka kijito. Akapanda mwinuko kuelekea milimani, akasimama mara moja juu kabisa, akapotea.

Nyamizi alikaa kwenye matope akalia mpaka koo likakauka. Kisha aliosha uso, akarudi akiwa na kitu kama furaha.

*

Kesho yake mchana redio ilikatiza muziki.

"Wananchi, haki imetendeka. Mhukumiwa amejisalimisha. Alipowaona vijana wetu wakiwa ndani ya sare zao za kaki, alitoka kichakani mwenyewe, akawafuata kwa hiari yake, akalala chini mbele yao bila kuleta vurugu yoyote. Serikali inampongeza kwa ushirikiano."

Maulidi, aliyekuwa amekuja na mkokoteni kubeba vyombo, alizima redio. "Shemeji," alisema, akainama kubeba boksi la vyombo.

*

Dhifa ya Haki ilifanyika katika ukumbi wa wizara. Nyamizi alipelekwa kwa gari, kwani mlalamikaji kutohudhuria ushindi wake lilikuwa kosa. Ngozi ilikuwa ukutani, juu ya majina ya mashujaa, ikiwa imeyafunika nusu. Sharubu ziligawiwa wabunge waliokuwa wanaelekea kwenye uchaguzi. Kucha walipewa wakwe. Wageni wa nje walisimama na masanduku yao karibu na mlango, wakivitazama vifaa vya michezo kwa subira.

Supu ilipoletwa, Mheshimiwa Waziri alionja kijiko kimoja. Ukumbi ulibana pumzi. Aliinuka kitini bila kushikwa, akakunja goti, akalikunjua, akalikunja tena.

"Silisikii!" akatangaza. "Silisikii kabisa!"

Makofi yalipigwa hadi glasi zikalia. Waziri alitumia nafasi hiyo kuwasuta wale wanaoeneza uvumi kwamba chui milia wamekwisha. Hawajakwisha, alisema. Huyu wa Kirengwe, kwa mfano, yupo. Amesambazwa tu kwa wananchi.

Ndugu Pazi alimwekea Nyamizi bakuli. Ndani, katika mchuzi mweupe, mlikuwa na mfupa wa mguu.

"Fungu la mlalamikaji," alisema kwa heshima. "Kula, mama. Ni haki yako."

Wapiga picha walisogea. Nyamizi aliutazama mfupa ule. Ulikuwa mdogo kuliko ambavyo angetarajia, kama wa mtu.

"Haki yangu nitakwenda nayo nyumbani," akasema. Akautoa kwenye mchuzi kwa vidole, akaufunga ndani ya mtandio wake, akainuka. Hakuna aliyemzuia. Wote walidhani anakwenda kuuza.

*

Nyumba ilikuwa imekwisha pigiliwa misumari alipofika. Alichota maji kijitoni, akauosha ule mfupa mafuta yote yakatoka, akaufunga kwenye kitambaa cheupe. Alichimba kwa jembe la jirani, kando ya kaburi la Mrisho, akaufukia. Kisha akatandika mkeka nje ya mlango uliopigiliwa, akakaa miguu ameinyoosha, kama wakaavyo wafiwa.

Jirani alipita akamwona. "Kuna msiba tena?" akauliza.

"Upo."

Jirani alikwenda kwake akarudi na kuni. Baadaye akaja mwingine na unga, na mwingine na sufuria, na wanawake wakavua viatu wakakaa. Maulidi alikuja akasimama pembeni muda mrefu, kisha akaanza kupasua kuni. Waliojua waliwanong'oneza wasiojua. Hakuna aliyecheka. Wengine walikuwa wakimlia chui, wengine walimlia Mrisho ambaye walikuwa wameogopa kumlia vizuri, na wengine, nadhani, walikuwa na mambo yao tu ambayo hayakuwahi kupata mkeka.

Habari zilifika wizarani, na wizara ikatuma askari polisi kuvunja mkusanyiko. Alikuwa mtu wa makamo, kitambi kimeanza, kirungu mkononi. Tatizo lake lilikuwa kwamba katika nchi ile, iliyokuwa na sheria ya kila kitu, hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu angemwomboleza mnyama, kwa hiyo hapakuwa na kifungu walichokivunja.

Akasimama mbele ya mkeka, akamtafuta mwenye msiba.

"Mama, shikamoo. Nimetumwa. Naambiwa hapa hakuna aliyekufa."

"Marahaba," Nyamizi alijibu.

Askari aliwatazama watu, akautazama udongo mbichi, akajikuna shingo kwa kirungu. Alikuwa amezaliwa nchi ile. Alikuwa amenguruma tangu darasa la kwanza, kila asubuhi, mkono kifuani. Akaangalia nyuma kama kuna anayemwona, akavua kofia yake, yenye kichwa cha dhahabu cha chui milia, akaishika chini ya kwapa.

"Mimi sikuwahi kumwona," akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la aibu. "Alikuwaje?"

Nyamizi akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka, akaanza kumsimulia.